Pedi Mbovu Haichagui Upande

Mkulima wa Chanzuru akiona mahindi yamegeuka manjano upande mmoja wa shamba lake, hang'oi mimea iliyougua akapanda mingine palepale na kujiona amemaliza kazi. Kwanza hutazama mizizi, huangalia maji yalikotuama, huuliza ni mdudu gani aliyepita. Jirani naye, katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa, kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho wataalamu wake kazi yao ni kuuliza swali hilohilo: kwa nini hapa na si pale? Ajabu ni kwamba mkulima huyo, au mwalimu, au mfanyabiashara, apelekapo gari lake gereji kwa sababu breki zinalia, swali hilo huliacha mlangoni. Fundi hufungua gurudumu, hukuta pedi moja imekwisha hadi chuma ilhali mwenzake ina nusu ya unene wake, huzitoa zote, huzitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, hutia mpya, na gari huondoka. Baada ya miezi michache pedi ya upande uleule imekwisha tena. Mwenye gari hulalamika kwamba siku hizi pedi ni feki, na fundi huitikia.

Malalamiko hayo yana ukweli wake, kwani vipuri visivyo na ubora vimo madukani. Lakini pedi mbovu haichagui upande. Pedi nne za magurudumu mawili ya mbele hutoka katika boksi moja. Kama ubaya ungekuwa wa pedi, zingekwisha zote kwa pamoja. Ikiisha moja na tatu zikabaki, basi kosa halimo katika boksi bali limo katika gari, nalo litazila pedi zozote zitakazotiwa, ziwe za bei ya chini au ya juu. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kulika kusiko sawa ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Na kwamba desturi yetu ya kumlipa fundi kwa kipuri alichobadilisha, badala ya kumlipa kwa chanzo alichokigundua, ndiyo inayoificha dalili hiyo mpaka siku ya ajali.

Jinsi breki inavyogawa kazi

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 liendalo kilometa 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 370. Nishati hiyo yatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya mtungini. Likienda kilometa 40 kwa saa, nishati hiyo si nusu bali ni robo tu, kwa maana nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Joto hilo lote hupita katika pedi chache na diski kwa muda wa sekunde kadhaa. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mhandisi wa breki hulitafuta ni ugawaji mwema wa kazi.

Mguu ukanyagapo pedeli, silinda kuu husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba membamba ya chuma, kisha kupitia mpira wa breki, hadi katika kalipa, yaani lile koleo la chuma linaloikumbatia diski. Kanuni inayotumika hapa ni ile iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba msukumo katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawa pande zote. Katika magari mengi madogo tunayotumia, kalipa ya mbele ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni huisukuma pedi ya ndani dhidi ya diski. Diski haisogei, kwa hiyo mwili wa kalipa huteleza kinyume, juu ya pini mbili, na kuivuta pedi ya nje ije kuibana diski kutoka upande wa pili. Mguu ukiondoka, sili ya mpira iliyoizunguka pistoni, ambayo ilikuwa imejipinda kidogo, hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Umbali huo mdogo ndio unaotenganisha breki iliyopumzika na breki inayosugua mchana kutwa.

Msomaji ataona kwamba mpango huu mzuri unategemea mambo mawili manyonge: pini zinazoteleza na sili inayojinyoosha. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoharibiwa upesi na mazingira yetu. Barabara ya kutoka Dumila kupita Kilosa hadi Mikumi imewekewa lami katika baadhi ya sehemu zake, lakini njia za kuingia vijijini na mashambani ni za udongo: vumbi kiangazi, tope masika. Kilosa tena ni nchi ya mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 yaliharibu hata reli ya kati. Gari livukalo maji machafu, kisha likaegeshwa siku kadhaa, huota kutu pale ambapo kofia ya mpira ya pini au ya pistoni imepasuka. Na magari yetu mengi huja yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi ng'ambo, mipira yake ikiwa imezeeka kabla hayajaliona vumbi letu.

Wala vumbi si adui mpya. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, akatumia shaba nyekundu kuisugua diski; barabara za wakati ule zilikuwa za vumbi na mashimo, shaba ikalika upesi mno, na mpango ukaachwa kwa miaka mingi. Sisi tuna pedi bora kuliko shaba yake, lakini vumbi tunalo bado.

Kuisoma pedi

Kwa kawaida magurudumu ya mbele hufanya kazi kubwa kuliko ya nyuma, kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele wakati wa kusimama. Pedi za mbele kuisha kabla ya za nyuma si jambo la kushangaza. Linalopasa kuulizwa ni kushoto kushinda kulia, ndani kushinda nje, au ncha moja kushinda nyingine. Pedi nyingi za magari madogo zikiwa mpya huwa na unga wa kusugulia wenye unene wa milimita 10 hivi, na mafundi wengi waangalifu huzibadilisha zikifikia milimita 3. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Tofauti ya milimita moja kati ya pedi mbili za gurudumu moja yaweza kuvumiliwa. Ikizidi milimita 2 au 3, ipo sababu, na sababu hiyo yafaa itafutwe. Rula ya mwanafunzi yatosha kuipima.

Maumbo ya kulika ni manne. La kwanza, pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado ni nene. Hapa aghalabu pistoni hairudi, kwa sababu ya kutu au sili iliyovimba. Au pini zimegoma kabisa, hata kalipa haiwezi kuteleza na kuileta pedi ya nje kazini. La pili, pedi ya nje imekwisha na ya ndani ni nene. Hapa mara nyingi kalipa huja lakini hairudi, kwa kuwa pini zimekauka au zimeingiwa na uchafu, na pedi ya nje hubaki ikiigusa diski. La tatu, pedi imelika kama kabari, ncha moja nyembamba na nyingine nene. Kabari ndogo yaweza kuwa ya kawaida, lakini ikiwa kubwa, pini moja imegoma na mwenzake inateleza, au masikio ya pedi yamekwama katika reli zake kwa kutu.

Umbo la nne ndilo linalowapotosha wengi: pedi zote mbili za gurudumu moja zimekwisha, na za gurudumu la upande wa pili ni kama mpya. Huenda gurudumu lililolika halifunguki baada ya breki kuachiwa. Lakini huenda pia ndilo lililo zima. Iwapo kalipa ya upande wa pili imekufa, gurudumu hili hufanya kazi ya wawili, likaisha kwa uaminifu wake. Fundi atakayetengeneza upande uliolika tu, bila kuuchunguza upande ambao haujalika, atakuwa amemtibu mtu mzima na kumwacha mgonjwa.

Uchunguzi wa saa moja

Kuyatofautisha hayo hakuhitaji mashine ya gharama. Gari liendeshwe kilometa kadhaa kwa kukanyaga breki kidogo iwezekanavyo, kisha lisimamishwe taratibu mahali tambarare. Mkono upitishwe karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye joto jingi kuliko wenzake lilikuwa likisugua njiani. Halafu jaribio la pili lifanywe, safari hii kwa kukanyaga breki mara kwa mara. Gurudumu litakalobaki la baridi kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo halifanyi kazi yake.

Kisha gari litiwe mawe nyuma ya magurudumu, gurudumu linaloshukiwa liinuliwe kwa jeki na kuwekewa kigingi imara cha kulishikilia. Pedeli ikanyagwe na kuachiwa, na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito, skrubu ya kutolea upepo ifunguliwe kidogo. Iwapo mafuta yataruka na gurudumu likawa jepesi, basi msukumo ulikuwa umenaswa ndani, na kosa liko katika mpira wa breki au katika silinda kuu. Iwapo gurudumu litabaki zito vilevile, kosa ni la vyuma: pistoni au pini. Ili kumtambua mwenye kosa kati ya mpira na silinda, skrubu ifungwe, pedeli ikanyagwe na kuachiwa tena, na safari hii kilegezwe kiungo cha bomba la chuma linaloingia katika mpira. Gurudumu likifunguka, kizuizi kiko juu, kuelekea silinda kuu. Likibaki limefungwa, mpira ndio mkosaji. Mpira wa breki uliozeeka waweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umevimba na kuwa kama mlango wa upande mmoja: mafuta yaenda kwa nguvu ya mguu, lakini hayarudi. Kazi hiyo ikiisha, viungo vikazwe na upepo utolewe kabla gari halijagusa barabara.

Matengenezo yenyewe si makubwa ukikijua chanzo. Pini zitolewe, zisafishwe, na zilizoliwa na kutu zibadilishwe pamoja na kofia zake za mpira. Reli za pedi zisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka pedi iteleze kwa vidole. Grisi itumikayo iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, kama ya silikoni. Hapa ndipo penye kosa lililoenea: pini hupakwa grisi ya kawaida ya beringi, na kalipa husafishwa kwa petroli au mafuta ya taa. Mpira wa mfumo wa breki umeundwa kuvumilia mafuta ya breki, si mafuta ya petroli na jamii zake. Ukiguswa nayo huvimba, na mpira uliovimba ndio unaoikamata pini na pistoni. Hivyo fundi mwenye nia njema huweza kuupanda mwenyewe ugonjwa atakaoitiwa kuutibu baada ya miezi mitatu. Kalipa isiachwe ikining'inia kwa mpira wake, bali ifungwe kwa waya. Diski ipimwe, kwani kipimo chake cha chini aghalabu kimegongwa juu ya chuma chake. Na pedi zibadilishwe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, kamwe si upande mmoja.

Jambo moja la afya lisisahauliwe. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Baadhi ya pedi, hasa za zamani na zile zisizojulikana asili yake, zaweza kuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Kitambaa kilicholoweshwa maji chatosha kuliondoa vumbi hilo bila kulirusha katika mapafu ya fundi na kijana anayejifunza kazi kando yake.

Kwa nini tusiridhike kwamba gari linasimama

Najua jibu nitakalopewa. Gari linasimama, mwenye gari hana fedha, abiria wanangoja, na fundi hawezi kutoza malipo kwa kufikiri. Hoja hizi si za kupuuzwa, hasa hoja ya fedha. Lakini tuzipime. Kusafisha pini nne na kuzipaka grisi ifaayo ni kazi ya muda mfupi na kichupa kimoja. Kutokuifanya ni kununua pedi mara mbili au tatu, kisha kununua diski iliyochimbwa na chuma cha pedi, pamoja na mafuta yanayoteketea kuliendesha gari ambalo gurudumu lake moja limefungwa nusu. Anayejidai kuokoa hapa hulipa pale, tena kwa riba.

Na kuhusu gari kusimama, hapo ndipo hatari ilipojificha. Gari lenye breki zisizo sawa husimama vizuri kabisa mbele ya gereji, kwa mwendo mdogo, mahali pakavu. Kasoro yake hujitokeza siku ya kukanyaga kwa ghafla, kwa maana gari hugeukia upande unaofunga kwa nguvu zaidi. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na wanyama huvuka bila kupiga honi. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayekanyaga breki kwa nguvu mbele ya nyati, na gari likamvuta kulia mbele ya lori linalokuja, hatapata nafasi ya kueleza kwamba jana breki zilikuwa nzuri.

Aliyeendelea mbele hadi Kitonga naye, wakati wa kurudi, hukutana na mteremko mrefu wenye kona kali. Breki inayosugua huanza mteremko huo ikiwa tayari ina moto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yapasa kustahimili joto la nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakiisha kunywa unyevu wa hewa kwa miaka, kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli huenda hadi sakafuni bila breki kushika. Pini moja iliyogoma tangu Kilosa yaweza kuwa mwanzo wa ajali ya Kitonga.

La kufanya

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imekwisha kudai kwamba gari barabarani liwe na breki zifaazo. Sheria haina upungufu hapa. Kilichopungua ni desturi ya kuuliza. Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. La kwanza ni kwa wenye magari: tukubali kumlipa fundi kwa uchunguzi, hata siku ambayo hakubadilisha kitu. Maadamu tunalipa kwa kipuri tu, tunamfundisha fundi kubadilisha vipuri, na tusimlaumu akifuzu somo hilo. La pili ni kwa vyuo vya ufundi, VETA na vinginevyo, pamoja na sisi wa vyuo vikuu tunaowafundisha wahandisi kukokotoa nguvu ya breki bila kuwaonyesha pedi iliyochakaa. Katika mtihani, mwanafunzi apewe pedi nne zilizotoka katika gari moja, aziweke mezani, aeleze gari hilo lilikuwa na ugonjwa gani na athibitishe. Kufunga pedi mpya hujifunza mtu kwa juma moja. Kuisoma pedi ya zamani ndiyo elimu. La tatu ni kwa wakaguzi, hasa katika wiki ya Nenda kwa Usalama: ukaguzi wa breki usiishie kukanyaga pedeli uwanjani. Pedi za kushoto na kulia, za ndani na nje, zipimwe na vipimo viandikwe.

Gereji nazo, hata ile iliyo chini ya mwembe, zaweza kuanza kesho bila kungoja agizo la mtu. Kila pedi itolewayo ipewe alama ya chaki: mbele au nyuma, kushoto au kulia, ndani au nje. Zipangwe juu ya kibao mbele ya mwenye gari, zipimwe kwa rula, na unene wake uandikwe katika daftari pamoja na kilometa za gari. Gari likirudi baada ya miezi sita, fundi hatakisia tena, atafungua ukurasa. Mwenye gari naye, kabla ya kutoa fedha mfukoni, aombe kuziona pedi zake za zamani na aulize kwa nini hazilingani. Fundi mwenye jibu apewe haki yake. Asiye na jibu aendelee kutafuta kabla gurudumu halijarudishwa.